Saa ya kuunda mwenyewe inasimama usiku: nibadili mashine, nimpe fundi au niifungue?

Mlinda_Bandari (Kigoma)

Wakuu, naomba mnisaidie kulinganisha. Nimeunda saa yangu: kasha la chuma lenye kitufe cha ufunguo upande wa namba 4, mashine ya Seiko NH35, uso mweusi wenye dirisha la tarehe, na mishale niliyoagiza kando. Mwanzoni ilikwenda vizuri sana. Sasa ina magonjwa mawili. La kwanza inakimbia, kila siku inazidisha kama dakika moja na nusu. La pili ndilo linaloniumiza: inasimama usiku. Naivua nikilala, asubuhi naikuta imegota kwenye saa nne au saa tano. Nikiitikisa inaendelea, na mchana haisimami kabisa.

Naona njia hizi: kununua NH35 nyingine, kuhamia mashine ya kampuni nyingine, yaani Miyota 8215 au ST2130 ya Sea-Gull, kumpa fundi saa pale Mwanga, au kuifungua mwenyewe nitafute ugonjwa. Hela ninayo ya njia moja tu. Mngekuwa mimi, mngeanza wapi?

Reli_Kati

Nunua NH35 mpya, mkuu. Mtandaoni ni kati ya dola 30 na 50 kabla ya usafiri. Unachomoa ya zamani, unahamisha uso na mishale, jioni moja umemaliza. Mashine ya bei hiyo hata huko kwenye nchi za watu wanaibadilisha nzima, hawaitengenezi. Ila hakikisha muuzaji anaaminika, nakala bandia zimejaa.

Binti_Ujiji

Kaka, kabla hujatoa hela pima kwanza. Kuna programu za simu zinazosikiliza mlio wa saa kwa maikrofoni. Subiri nyumba itulie, zima feni, laza saa juu ya maikrofoni. NH35 inapiga midundo 21,600 kwa saa, yaani 6 kwa sekunde. Kwenye mipangilio weka pembe ya 53 (kipimo cha mashine ambacho programu inakihitaji kukokotoa nyuzi), maana programu nyingi zinakuja na 52. Kisha soma vitu vitatu: inazidisha sekunde ngapi, balansi (lile gurudumu linalokwenda na kurudi ndani ya saa) inazunguka nyuzi ngapi, na mdundo wa kwenda na wa kurudi vinatofautiana kiasi gani. Ikiwa imejaa ufunguo, nyuzi 250 na kuendelea ni afya. Chini ya 200 kuna kitu kinaibana.

Na kuhusu kukimbia, naomba uniambie: saa unaiweka wapi ukilala?

Mlinda_Bandari

Asante dada. Naiweka juu ya spika ya redio, karibu na kitanda. Nimepima jana usiku: inazidisha sekunde 94 kwa siku, nyuzi 262, mdundo uko sawa.

Binti_Ujiji

Basi ugonjwa wa kwanza ni huo hapo. Spika ina sumaku kubwa. Springi nyembamba ya balansi ikishika usumaku, mizunguko yake inanasana, inakuwa kama imefupishwa, na saa inakimbia. Seiko wenyewe wanaitolea NH35 kiwango cha kati ya kuchelewa sekunde 20 na kuzidisha 40 kwa siku, kwa hiyo 94 si tabia ya mashine. Sogeza dira ya kawaida karibu na saa, ile ya sindano: sindano ikitikisika, saa ina usumaku. Kile kifaa kidogo cha kuondoa usumaku ni bei ya chini mno kuliko mashine mpya. Ukinunua NH35 nyingine ukailaza juu ya spika ileile, utarudi hapa baada ya wiki.

Bangwe_Juu

Mimi napiga kura ya Miyota 8215. Ninayo, imevumilia mengi, na inatunza ufunguo saa 42 dhidi ya 41 za NH35. Ukishapata usumbufu na mashine moja, hama.

Fundi_Isevya (Tabora)

Wadogo zangu, salamu kutoka Tabora. Nimeshika saa za ufunguo muda mrefu, niruhusuni niseme kwa urefu kidogo, maana naona kijana anataka kutupa mashine nzima.

Nianze na kuhama. Miyota 8215 ina kipenyo cha milimita 26.0, NH35 ni 27.4. Kwa unene Miyota ni 5.67, NH35 ni 5.32. Tundu la mshale wa dakika kwenye NH35 ni milimita 0.90, kwenye Miyota ni 1.00. Mshale wa sekunde ni 0.20 dhidi ya 0.17. Maana yake mishale yako haiingii, kile kiduara cha plastiki kinachoshikilia mashine hakifai, na ile fimbo ya kitufe utakata nyingine. ST2130 nayo ni nyembamba zaidi, inapiga midundo 28,800, mshale wa sekunde unateleza kwa ulaini unaopendeza kweli, lakini imefuata vipimo vya ETA 2824, mashine ya Uswisi, na tundu la sekunde ni 0.25. Njia zote mbili si kubadili mashine, ni kuanza saa mpya na kubaki na kasha la zamani.

Sasa ugonjwa wa pili. Nyuzi 262 zinaniambia mashine ina nguvu. Mashine mbovu haichagui saa za kusimama. Hii yako inachagua: saa nne, saa tano usiku. Ni nini hufanyika ndani ya saa muda huo? Tarehe. Kuanzia kama saa tatu usiku gia ya tarehe huanza kusukuma ile pete yenye namba, na mzigo huo wote unatoka kwenye springi kuu. Lakini muda huohuo umeivua, rota (kile kipande kizito kinachojaza ufunguo mkono ukitikisika) haizunguki, kwa hiyo inawezekana pia ufunguo unapungua tu. Lazima uvitenganishe hivyo viwili, na huhitaji bisibisi.

Fanya hivi. Tia ufunguo kwa mkono, mizunguko 30 au 40. Kisha sogeza mishale mbele kwa saa 12, ili kwako ikiwa mchana, saa ijione iko usiku. Ivae kama kawaida. Ikisimama mchana ikiwa mkononi, tarehe ndiyo yenye hatia. Ikiendelea kusimama usiku, tafuta kwenye rota na springi kuu. Na katika kipindi hicho usibadilishe tarehe kwa ile njia ya haraka ya kuzungusha kitufe wakati saa inajiona kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku. Meno ya gia yanakuwa yameshikana, utayavunja.

Reli_Kati

Mzee shikamoo. Hilo la saa 12 sijawahi kulifikiria. Naondoa kura yangu hadi kijana alete majibu.

Kwa_Mama_Gungu

Na fundi wa Mwanga mbona hamumzungumzii? Wale wazee wana mkono mwepesi kuliko sisi wote.

Fundi_Isevya

Wanao, na nawaheshimu, ni wenzangu. Kwa saa kuukuu iliyokauka mafuta au iliyoingia vumbi, ningesema mpelekee leo. Tatizo ni kwamba saa ikifika mezani na maneno "inasimama" peke yake, ataifungua yote na kuiosha. Mashine mpya haihitaji kuoshwa, na kila ikifunguliwa ni nafasi ya unyweleo na vumbi kuingia, hasa kiangazi. Akipewa majibu ya kipimo, fundi mzuri atagusa pale palipo na ugonjwa tu.

Mlinda_Bandari

Shikamoo mzee. Usumaku nimeuondoa kwa kifaa cha rafiki, sasa inazidisha sekunde 11. Nimesogeza saa 12 kama ulivyosema. Imesimama mchana, mkononi mwangu, natembea nayo sokoni! Ilikuwa inaonyesha saa nne na dakika ishirini.

Fundi_Isevya

Marahaba. Basi ni tarehe. Niambie jambo moja: uso umeushika kwa nini? Kitufe chako kiko namba 4. Je, miguu ya uso, vile vijiti vya nyuma yake, iliingia kwenye matundu yake ya mashine?

Mlinda_Bandari

Haikuingia. Uso ulitengenezwa kwa kasha la kitufe namba 3, kwa hiyo muuzaji alikata miguu, akanipa vidonge vya gundi vya kubandika pande mbili.

Fundi_Isevya

Ondoa mishale, nyanyua uso, angalia pete ya tarehe kwa lenzi ukiielekeza kwenye mwanga wa pembeni.

Mlinda_Bandari

Nimefungua. Vidonge ni vinne, vitatu vimekaa vizuri kwenye ukingo. Cha nne, karibu na namba 7, kimebanwa na uso kikatanuka hadi kuingia juu ya pete. Kuna uzi mwembamba wa gundi, unang'aa, umeshika chini ya namba 23 na kuvutika hadi 24. Nikisukuma pete kwa kijiti inakwenda, ikifika hapo inanata, halafu inaruka.

Binti_Ujiji

Joto la mkononi limeilainisha hiyo gundi, ndiyo sababu mwanzoni haikusumbua.

Fundi_Isevya

Usimwage spiriti wala petroli juu ya mashine, itapita hadi kwenye vito (vijiwe ambamo ncha za gia huzungukia) na kuondoa mafuta. Ng'oa kidonge kwa kibano, kisha chonga kijiti cha mianzi, kilowanishe spiriti kidogo tu, ufute pete peke yake huku ukiizungusha. Endesha tarehe zote 31 kwa mkono. Isiponata popote, funga.

Vidonge usirudishe. Agiza uso wenye miguu ya kasha la namba 4. Ukishindwa kusubiri, kata vidonge nusu, viweke kwenye ukingo wa nje kabisa, na usikandamize.

Mlinda_Bandari

Pete imesafika, namba zote zinapita. Nimepima tena wakati tarehe inabadilika: nyuzi 241. Naagiza uso, NH35 inabaki. Reli_Kati, kama bado unatafuta kifaa cha usumaku, rafiki yangu anauza chake, nitumie ujumbe.