Masta ya nadharia ya namba au kazi ya usalama wa mifumo benki? Naombeni mnilinganishie

Tasa_Sinza

Habari za jioni wakuu. Nimemaliza degri ya hisabati pale Mlimani mwaka jana, nakaa Sinza kwa dada, mchana nafundisha tuisheni ya fomu faivu na siksi, usiku nashinda na namba. Kilichonishika chuo ni nadharia ya namba, hasa upande wa kufunga siri, kriptografia. Siku ya kwanza mwalimu aliandika ubaoni 5 na 11, akazidisha akapata 55, akasema ufunguo wa wazi ni 3 na wa siri ni 27, ujumbe wetu ni 2. Tukaupandisha kipeo cha 3 ukawa 8, alafu tukapandisha 8 kipeo cha 27, tukagawa kwa 55, baki ikarudi 2 ileile! Nilirudi hosteli nikarudia kwa mkono mpaka wenzangu wakaomba nizime taa.

Sasa nimefika njia panda. Naweza kuomba masta AIMS (taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati), Kigali au Cape Town popote watakaponipanga maana wanalipia kila kitu, alafu nitafute PhD ya nadharia ya namba. Au kuna benki huku Posta inachukua vijana kitengo cha usalama wa mifumo, nimeambiwa nipeleke barua. Baba kastaafu, nina wadogo wawili bado wanasoma. Kaka yangu yeye anasema niachane na yote niende mahesabu ya bima. Anayejua njia hizi kwa kuzipita anisaidie, msinipe moyo tu.

Fundi_Funguo

Mdogo wangu mi niko kwenye hiyo kazi, benki, mwaka wa saba huu, nikueleze siku zinavyokwenda ili usije ukashangaa. Kuna kiboksi cha chuma tunakiita HSM, ndo kinatunza funguo za siri, ukijaribu kukipasua kinajifuta chenyewe. Kuingiza ufunguo mkuu tunakaa watu watatu, kila mtu ana kipande chake kwenye bahasha iliyofungwa, simu zimebaki nje, hakuna anayeona kipande cha mwenzake, na ufunguo kamili hakuna binadamu anayeujua. Namba yako ya siri ukiibonyeza ATM inafungwa palepale kabla haijatoka kwenye mashine. Ni kazi ya heshima na naipenda kweli.

Ila kanuni zenyewe za kufunga siri ziliandikwa na watu wengine zamani, sisi tunahakikisha zimewekwa sawa, funguo zinabadilishwa kwa wakati, vyeti vya mifumo (vitambulisho vya kidijitali vya kompyuta) haviishi muda. Sehemu niliyokuwa mwanzo cheti kiliisha usiku wa mwisho wa mwezi, mishahara ya watu imekwama, naamshwa saa tisa usiku, na shida yote ni tarehe tu ambayo hakuna aliyeiandika kwenye kalenda. Miaka saba sijawahi kutafuta vigawo vya namba hata moja. Na sheria ya kwanza utakayofundishwa ni usijitungie kanuni yako mwenyewe. Kwaiyo ukija benki ukidhani utafanya nadharia ya namba utaumia, ila ukija kwa sababu unapenda vitu vifungwe vizuri utakaa.

Mwl_Mstaafu

Mwanangu, nimefundisha hisabati miaka thelathini na moja. Nimewaona wanafunzi wenye kipaji kuliko mimi wakiacha kwa sababu nyumbani hakuna aliyekuwa na kipato. Baba amestaafu na wadogo wanasoma, hilo si jambo dogo. Peleka barua benki, wasomeshe wadogo, namba hazihami. Hata hivyo ningependa kujua kozi hiyo ya AIMS inachukua muda gani, kwa kuwa kama ni mwaka mmoja hesabu inabadilika.

Msafiri_wa_Baridi

Shikamoo mwalimu. Kozi yao ya kawaida ni miezi kumi hivi, chakula, malazi na nauli wanatoa wao. Mimi nilipita huko, sasa nipo Ulaya mwaka wa tatu wa PhD, nadharia ya namba upande wa kriptografia.

Mleta mada, nakuona umeziweka kama njia mbili zinazoachana, hesabu tupu huku na kazi kule, na hapo ndo sikubaliani na wewe. Hardy, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa fani hii, aliandika mwaka 1940 kwamba hakuna aliyewahi kuona matumizi ya kivita ya nadharia ya namba na haielekei yataonekana kwa miaka mingi. Mwaka 1973 kijana aliyesomea nadharia ya namba, Clifford Cocks, kaingia kazini kwa majasusi wa Uingereza, GCHQ, wakamweleza tatizo, akalitatua jioni moja akiwa nyumbani, na kwa kuwa ni nyumbani hakuruhusiwa hata kuandika kwenye karatasi. Ndo hiyohiyo hesabu ya 55 uliyofanya hosteli. Rivest, Shamir na Adleman waliivumbua upya chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1977 na dunia ikaiita RSA, ya Cocks ikabaki kabatini hadi 1997. Mwaka 1985 Koblitz na Miller, kila mtu kwa njia yake, wakaleta kufunga siri kwa mikunjo ya eliptiki (mistari iliyopinda inayochorwa na aina fulani ya milinganyo), kitu ambacho watu walikichunguza miaka na miaka kwa uzuri wake tu, leo kiko kwenye simu yako.

Na hii ya juzi ndo inanigusa zaidi. Kulikuwa na kanuni ya kufunga siri inaitwa SIKE, imejengwa kwa hiyo mikunjo, wazo lake watu walilichunguza zaidi ya miaka kumi wakaona liko salama, Julai 2022 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ikaipitisha raundi ya nne ya shindano lake la kuchagua kanuni mpya. Haikumaliza mwezi. Castryck na Decru wa chuo cha KU Leuven, Ubelgiji, wakaivunja kwa kompyuta ya kawaida, kiini kimoja cha prosesa, kama saa moja hivi. Walichotumia ni hoja ya Ernst Kani ya mwaka 1997, hesabu tupu kabisa, ilikuwa imekaa kwenye jarida miaka 25 na waliojenga ile kanuni hawakuiona. Nilikuwa ndo nimeanza kusoma mambo hayo, niliisoma makala ile mara tatu usiku mmoja. Mtu wa vyeti vya usalama asingeliona lile shimo hata akae miaka mia, ilibidi awepo mtu aliyesoma hesabu kwa sababu anaipenda.

Sasa upande mchungu usikie mapema. Ukimaliza PhD unapata mikataba ya miaka miwili miwili, leo nchi hii kesho nchi ile, ndoa na wazazi vinasubiri. Yule mwajiri mkubwa wa wanahisabati Marekani, NSA, shirika lao la ujasusi wa mawasiliano, anachukua raia wa Marekani tu, usimhesabu. Yitang Zhang aliyethibitisha mwaka 2013 kwamba kuna jozi zisizo na mwisho za namba tasa zilizopishana kwa chini ya milioni 70, kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi kwenye duka la sandwichi, na jina lilitoka akiwa na miaka hamsini na kitu. Ila wapo waliovuka kwa amani. Kristin Lauter alikuwa mwanahisabati wa namba chuo cha Michigan, mwaka 1999 akaenda Microsoft, akaja kuongoza kundi lao la kriptografia, na hakuacha hesabu hata siku moja.

Kobe_Mjanja

Wakuu ila si tunaambiwa kompyuta za kwantamu, zile zinazotumia fizikia ya chembe ndogo, zinakuja kuvunja hizo RSA zote? Dogo atasoma miaka saba atoke na kitu kilichokufa. Mi naona aende benki.

DadaWaKigamboni

Mimi nipo kwenye bima, nijibu la kaka yake kwa ufupi. Mahesabu ya bima ni uwezekano na takwimu, vifo, ajali, magonjwa, na mitihani yake ya kimataifa ni mingi, inaweza kukula miaka ya jioni na wikendi zako zote. Kazi nzuri na inalipa, lakini namba tasa hutazionea hata harufu. Kama moyo uko kule usije huku kwa ajili ya kaka, mdogo wangu.

Msafiri_wa_Baridi

Mkuu Kobe swali zuri, ila jibu linaenda upande mwingine. Mwanahisabati Peter Shor alionyesha tangu 1994 kwamba kompyuta ya kwantamu ikikua vya kutosha itavunja RSA na mikunjo ya eliptiki pia. Kwa sababu hiyohiyo NIST waliitisha lile shindano mwaka 2016, na Agosti 2024 wakatoa kanuni tatu mpya, mbili zimejengwa juu ya latisi, yani nukta zilizopangwa kwa mpangilio kwenye nafasi yenye vipimo vingi. Kinachokufa ni kufuli moja, wachonga kufuli ndo wanatafutwa zaidi. Kila benki, kila mtandao wa simu utabidi ubadilishe.

Dogo nikupe kazi ya nyumbani. Moja ya hizo kanuni, watu wanaiita Kyber, hesabu zake zote ni baki za kugawa kwa 3329. Niambie kwa nini 3329 na si namba nyingine. Pakua SageMath, programu ya hesabu, ni bure.

Fundi_Funguo

Hapo kwenye kubadilisha nathibitisha. Tumeshaanza kuambiwa tuorodheshe kila mfumo unaotumia RSA, na nakwambia ukweli kitengo kizima hakuna mtu anayeweza kufungua karatasi ya hiyo Kyber akatueleza kilichomo, tunategemea muuzaji atuambie iko sawa. Inanikera sana. Tungekuwa na mtu mmoja tu mwenye masta ya namba na mwenye kujua kuandika programu, tungeuliza maswali ya maana. Kwaiyo narekebisha nilichosema juu, dogo akiomba masta kwanza alafu akaja, anakuja na kitu ambacho sisi hatuna. Akija saivi atakuwa kama mimi.

Mwl_Mstaafu

Miezi kumi, na gharama juu yao. Basi mwanangu nabadili kauli. Kaa na baba umweleze kwa tarakimu, si kwa ndoto. Mwambie mwezi huu hadi mwezi ule sitakuwa na kipato, na baada ya hapo mpango ni huu. Mzee akiona tarehe anaelewa.

Tasa_Sinza

Shikamoo mwalimu, nimeongea na mzee jana usiku kama ulivyosema, nilimwandikia miezi yote kwenye daftari. Kaniuliza swali moja tu, ada ya mdogo wako wa mwisho muhula wa pili nani atalipa. Dada kasema muhula huo anaubeba yeye, na hela ya tuisheni mpaka nitakapoondoka naiweka kando yote. Fomu ya AIMS nimeshaanza kujaza. Barua ya benki napeleka Jumatatu vilevile maana naweza nisichaguliwe, na kaka Fundi nitakuja inboksi nikuulize hizo programu nianze na lugha gani.

Kuhusu 3329. Ni namba tasa, hiyo niliipata haraka. Alafu nikatoa moja, 3328, ambayo ni 256 mara 13, kwaiyo lazima iwepo namba ambayo ukiipandisha kipeo cha 256 inarudi 1 na siyo kabla ya hapo. Nikaanza kuzijaribu moja moja kwenye laptopu ya dada, 2, 3, 5, zote zinakataa, nikafika 17. 17 kipeo cha 128 inabaki 3328, yani ni sawa na hasi moja. Ni saa nane usiku saivi nawaandikia. Msafiri, hiyo 17 ndo wanayoitumia wao au kuna nyingine?