Mrejesho: gari iliyokuwa inagoma kuingia kona

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza kwa nini MX-5 yangu (gari dogo la michezo la Mazda) ikiwa kwenye njia ya mashindano inagoma kuingia kona, pua inakwenda moja kwa moja, na matairi ya mbele yanalika bega la nje. Nilishajiandaa kununua springi ngumu. Mkaniambia nianze na upepo wa matairi. Nilibisha, nakiri.

Kumbe nilikuwa najaza 32 psi (kipimo cha shinikizo la upepo) matairi yakiwa baridi. Baada ya mizunguko minne ya kasi nikapima papo hapo: 40! Tairi limevimba katikati, linakanyaga lami kidogo tu. Sasa naanza na 26, likipata moto linafika 33 hivi. Hilo peke yake lilinirudishia nusu ya mshiko, na halikunigharimu hata senti.

Kisha mlalo wa magurudumu (camber), yaani jinsi gurudumu linavyoinama; hasi maana yake juu yake limeinamia ndani. Mbele nimetoka nyuzi 1 hasi hadi 2.5, nyuma 2. Kipimajoto kinaonyesha bega la ndani lina joto zaidi kidogo kuliko la nje, ndivyo mlivyosema iwe. Barabarani, bila kona za kasi, naona upande wa ndani utaisha mapema. Nimekubali hasara hiyo.

Shokapu nimezilegeza kidogo tu, kwa sababu gari ilikuwa inarukaruka kwenye matuta ya pembeni mwa njia.

Springi sijanunua. Kilichobaki ni mkia, yaani nyuma ya gari: nikiachia mafuta ghafla katikati ya kona, unataka kunipita. Au huo ni mguu wangu?