Sanamu ya Askari haina jina hata moja. Tuyachonge au tuache?

Mleta mada:
Wakuu, tujadili bila matusi. Kaka yake bibi yangu, kijana wa Ilala, aliingia keya (KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika) akapelekwa Bama, Myanmar ya leo, katika vita vya pili. Hakurudi. Ikaja barua ambayo bibi hakuweza kuisoma, basi. Mwaka jana binamu yangu akalikuta jina lake kwenye ukumbusho wa Taukkyan, nje ya Yangon, penye majina karibu 27,000 ya wasiojulikana walipozikwa. Kule Bama limechongwa. Ilala hakuna hata kibao cha bati.

Sasa pita pale Posta, Dar es Salaam, Samora inapokutana na Azikiwe. Sanamu ile ya 1927 ni ya vita vya 1914–1918, na imesimama ilipokuwa sanamu ya von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Chini yake kuna maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili yanayoahidi kwamba ukifa ukipigania nchi yako, wanao watalikumbuka jina lako. Jina lipi? Nimezunguka sanamu nzima, silioni. Nasema yachongwe pale majina ya vijana wa mji huu waliokufa katika vita vyote viwili.

Mchangiaji wa kwanza:
Pole kwa ukoo, ila nakupinga. "Nchi yako" ipi? Walimfia King George. Kinjeketile wa Maji Maji alinyongwa 1905 kwa kumkataa mkoloni, halafu wewe unataka aliyevaa sare ya mkoloni achongwe katikati ya jiji? Mashujaa wetu wana siku yao, 25 Julai, na mnara wao upo Mnazi Mmoja. Hao wako wadai Uingereza.

Mleta mada:
Sijasema shujaa. Nimesema jina. Mwaka 1944 vikosi vya Tanganyika, cha 26 na cha 36 vya KAR, vilishuka bonde la Kabaw msimu wa masika ya kule, matope hadi magotini, malaria, Wajapani mbele. Yule kijana hakuulizwa vita ni vya nani. Na Uingereza unayonituma nikadai, tume yao ya makaburi ilishaomba radhi 2021: katika ile vita ya kwanza, watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Radhi imeshaombwa. Sisi je, tunasubiri nani atuombee?

Mchangiaji wa pili:
Nyote mnabishana kuhusu askari, wapagazi mmewaacha. Kariakoo tunayonunulia vitenge ni Carrier Corps hiyo, kikosi cha wapagazi wa Mwingereza, kambi yao ilikuwa pale. Wale walikufa kwa kuhara na njaa huku wamebeba masanduku ya risasi, na daftari lao lilikuwa hovyo. Ukichonga majina ya wenye bunduki tu, umerudia kosa lile lile. Halafu wale waliopigana upande wa Mjerumani utawaweka wapi? Nao walikuwa wa humu humu.

Mleta mada:
Hapo umenibana, sikatai. Wa upande wa Mjerumani nawaweka, ubao huo huo. Wapagazi ndio sijui nitaanzia wapi. Labda tuanze kwa kuulizana: nani hapa ana mzee kwenye ukoo aliyekwenda akapotea, na jina lake analijua?

Mchangiaji wa kwanza:
Mimi ninaye. Babu mzaa mama. Bado nakupinga.