Mrejesho: yule wa kununa siku tatu

Asalaam aleikum. Mwezi uliopita niliuliza nifanyeje, maana nikirudi nyumbani Likoni kutoka kazini, neno dogo tu la mke wangu lanifanya ninune siku tatu. Mmoja wenu akanijibu: kabla hujafungua mlango, jiulize mwili wasemaje. Nilicheka. Niliona ni maneno ya watu wasio na kodi ya nyumba.

Basi Jumanne nimebanwa kwenye feri, jua kali, mkokoteni wa madafu umeniegemea mguuni. Nikajipima: taya zimekaza, tumbo limejifunga fundo. Nikatafuta jina la hisia hiyo. Hasira? La. Ilikuwa aibu. Bosi alikuwa amenifokea mbele ya vijana wa stoo, nami nikawa njiani kwenda kumlipisha mke wangu deni lisilo lake.

Nilipofika nikamwambia, "Mama watoto, leo nimeaibishwa kazini, nipe nusu saa." Akanitazama, akaniletea chai na mahamri mawili. Hakuuliza kitu. Baada ya isha nikamweleza mwenyewe.

Sijawa malaika. Wiki jana nilinuna tena, ila tangu magharibi hadi asubuhi tu. Kutoa pumzi polepole kuliko ninavyoivuta kwanisaidia, moyo watulia. Ule ushauri wenu mwingine, wa kuandika hisia kwenye daftari, umenishinda kabisa. Mke wangu naye kagundua kuwa akilemewa huosha vyombo kwa kishindo. Sasa nikisikia sufuria zalia jikoni, naenda kumuuliza.