Mabao 17 katika mechi tisa: je, safu yetu ya ushambuliaji ni nzuri kweli?

Mtunza Daftari, Kampala

Habari zenu, ndugu wapenzi wa kandanda. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja hapa Kampala, na tangu msimu uanze nimekuwa nikitunza takwimu za timu yetu ya soka kwa mkono, kwa sababu hatuna kamera wala mtu mwingine wa kuifanya kazi hiyo. Tumecheza mechi tisa na kufunga mabao 17, idadi iliyowafurahisha viongozi wa michezo chuoni kiasi cha kusema kwamba tatizo letu liko kwa mabeki. Mimi sijaridhika. Mabao 10 kati ya hayo tuliyapata katika mechi mbili tu, dhidi ya timu zinazoshika mkia. Katika mechi saba zilizobaki tumefunga mabao saba, mawili kwa kona na mawili kwa penalti, na mechi tatu kati ya hizo zilimalizika bila sisi kuziona nyavu kabisa.

Wakati huohuo mshambuliaji wetu wa kati anazomewa na wanafunzi wenzake kila anapokosa, ingawa mimi ninayemtazama dakika zote 90 naona kwamba anakimbia sana na mpira unamfikia mara chache. Kocha ameniomba nimwandalie tathmini ya ushambuliaji kabla ya mzunguko wa pili. Nipime nini, na nianzie wapi?

Mwalimu wa Michezo, Mukono

Ndugu yangu, sehemu kubwa ya jibu umekwisha kuiandika mwenyewe. Ukiziweka kando zile mechi mbili za mabao mengi, kisha ukaondoa kona na penalti, unabaki na mabao matatu yaliyofungwa mpira ukiwa unatembea, katika dakika 630. Timu yenye safu kali ya ushambuliaji haikai saa tatu na nusu ikisubiri bao moja la namna hiyo. Sisemi kwamba bao la kona lina thamani ndogo, kwa kuwa ubaoni linahesabiwa sawa na jingine, ila liandike katika ukurasa wake, kwani linafanyiwa mazoezi yake na linafungwa na watu wake, mara nyingi mabeki warefu. Penalti nayo inaingia takribani mara tatu kati ya nne popote pale duniani, kwa hiyo haikuambii mengi kuhusu mpigaji. Jambo la kuandika ni nani aliyeingia kwenye kisanduku, yaani eneo la hatari mbele ya goli, hadi akalazimisha kuangushwa.

Baada ya hapo, chora eneo la hatari katika ukurasa mmoja kwa kila mechi, mita 16.5 kutoka mstari wa goli, na kila shuti lipigwapo tia nukta mahali lilipopigwa. Katika soka la kulipwa, shuti moja kati ya kumi hivi ndilo huwa bao, lakini yale ya nje ya kisanduku hayafiki matano katika mia. Ndiyo maana wachambuzi siku hizi huzungumzia magoli yanayotarajiwa, yaani kila shuti linapewa uzito kulingana na mashuti mengi yaliyowahi kupigwa katika hali kama ile. Huhitaji kompyuta kwa hilo. Gawa nukta zako katika makundi matatu, yaani ndani ya kisanduku kidogo cha mita 5.5, katikati ya kisanduku kikubwa, na kwingineko kote, kisha umwoneshe kocha ni kundi lipi limejaa.

Beki Mstaafu, Jinja

Naheshimu sana maelezo ya Mwalimu, lakini nina shaka kidogo. Nukta zinaonesha mashambulizi yaliyofika mwisho tu, na mimi niliyecheza beki wa kushoto kwa miaka kadhaa katika ligi ya vyuo najua kwamba mengi yanakufa kabla ya shuti. Mtu niliyemwogopa zaidi alikuwa winga mmoja ambaye hakuwa mpigaji kabisa. Alikuwa akiusimamisha mpira karibu na mstari wa pembeni, akiukanyaga kwa wayo na kungoja, hadi mimi nikashindwa kuvumilia na kumfuata. Nikitoka tu, kiungo wao alikuwa ameshaingia katika nafasi niliyoiacha nyuma yangu. Katika daftari lako mtu wa namna hiyo angeonekana hana kazi.

Kwa hiyo hesabu pia mara ambazo mpira umeingia kwenye eneo la hatari, nani aliyeuingiza, na kama ni kwa pasi ya chini, kwa krosi au kwa kupiga chenga. Andika pia hali ya uwanja, hasa katika mvua za Machi hadi Mei. Tulikuwa na uwanja ambao karibu na kibendera cha kona ya kulia palikuwa na bonde dogo lililojaa maji. Mpira ukifika pale ulikuwa ukikwama, winga akaupita, akarudi kuutafuta, na beki akawa ameshafika. Timu iliyoshambulia upande ule kipindi cha pili ilionekana mbovu bila kosa lake.

Mpenda Takwimu, Mbarara

Nawaunga mkono wote wawili, nami naongeza onyo moja. Mwingereza Charles Reep, mhasibu wa Jeshi la Anga, alianza kuhesabu pasi na mashambulizi mwaka 1950 akiwa na daftari na penseli kama wewe. Mwaka 1968, yeye na mtakwimu Bernard Benjamin walichapisha matokeo yaliyoonesha kwamba takribani asilimia 80 ya mabao yalitokana na pasi tatu au pungufu, na makocha wengi wakaona hiyo ni sababu ya kupiga mipira mirefu. Hesabu ilikuwa sahihi, lakini hitimisho lilikuwa na kasoro, kwa sababu mashambulizi mengi mno katika soka huishia ndani ya pasi tatu hata hivyo. Watafiti Mike Hughes na Ian Franks walipolinganisha mwaka 2005 idadi ya mabao na idadi ya mashambulizi ya kila aina, wakaona kwamba mashambulizi ya pasi nyingi, kila moja kwa wastani, yalizaa mabao zaidi.

Basi usiandike tu kwamba mshambuliaji amefunga mabao mangapi. Andika amepata nafasi ngapi, na za aina gani. Na kwa kuwa mechi tisa ni chache, usimhukumu mtu kwa mashuti yake matano au sita.

Mtunza Daftari, Kampala

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Jana usiku nilizipitia upya kurasa za mechi mbili za mwisho, ambazo kwa bahati nilikuwa nimeandika mahali pa kila shuti. Tulipiga mashuti 23, na 15 yalitoka nje ya kisanduku, mengi yakipigwa na mawinga wetu wawili. Mshambuliaji wa kati alipiga manne tu, mawili kwa kichwa huku amegeuzia goli mgongo. Krosi za chini zilizomfikia katikati ya kisanduku, kwa mechi zote mbili, ni moja, na hiyo ndiyo tuliyofunga.

Nimemwonesha kocha mchoro huo leo asubuhi. Aliutazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama nina hakika na zile 15, kisha akawaita mawinga wote wawili wabaki baada ya mazoezi. Jumamosi nitasimama nyuma ya goli, na rafiki yangu ataketi pembeni akihesabu kila mpira unaoingia kwenye kisanduku.