Naomba ushauri: kuhamishia kipima mavuno kwenye kombaini nyingine

Wadau, habari zenu. Niko Nairobi, shamba la ngano liko Narok. Kombaini ya zamani tunaiuza, tumepata nyingine ya mtumba, ya kampuni tofauti. Nataka kuhamisha kipima mavuno: skrini, antena ya GPS, sensa ya unyevu na kile kibati kinachogongwa na nafaka kwenye kilele cha elevita (mnyororo unaopandisha nafaka hadi tangi). Nyaya si shida, fundi wa Industrial Area atazimaliza. Kinachoniumiza kichwa ni kibati: elevita hii ni pana zaidi na mnyororo wake una kasi nyingine. Nikirekebisha usomaji wake kwa kuulinganisha na uzito wa mizani ya malori, takwimu zitaaminika, au ninunue kibati cha kombaini hii? Na mlipima tripu ngapi? Fundi anasema moja yatosha. Sijashawishika, ngano ya asubuhi yenye umande si ile ya saa nane.