Nimeitwa usaili wa uhandisi wa programu kampuni kubwa, naombeni ushauri

MtambweKijana: Asalaam aleikum ndugu zangu. Mie niko Wete, nimemaliza chuo kikuu cha SUZA, kwa sasa naandika mifumo ya kuwekea vyumba kwa hoteli za Nungwi nikiwa nyumbani. Kampuni moja kubwa ya teknolojia imenijibu. Simu ya mwanzo na mtu wa ajira ilikwenda vyema, sasa wanataka raundi nne kwa video, kila moja dakika 45, na nichague tarehe. Watakaonisaili wako London. Tatizo langu, nikipewa swali hunyamaza kimya mpaka nilipate jibu. Niombe kusogezewa mbele au niingie hivi hivi?

Fundi_Ngambo: Waaleikum salaam. Omba wiki tatu nne, hawachukii, wamezoea kuombwa. Ila usizimalize kwa maswali ya LeetCode, ile tovuti ya mazoezi ya kuandika programu, ukiwa umefunga mdomo. Kwa mfano Google, anayekusaili haamui peke yake. Anaandika ripoti, na kamati isiyowahi kukuona ndiyo inayoisoma. Uliyoyawaza kimoyomoyo hayamo humo.
Tuseme umepewa safu ya namba 100,000, utafute mbili zenye jumla fulani. Usikimbilie kuandika. Uliza kwanza: zinajirudia? Zimo hasi? Kisha sema njia ya kijinga: lupu ndani ya lupu, yaani kila namba unailinganisha na kila nyingine, hapo ulinganisho unakaribia bilioni 5. Halafu sema ya pili: napita mara moja tu, kila namba niliyoiona naiweka kwenye kamusi (orodha ya programu inayotafuta kitu papo hapo), na kila mpya naiulizia mwenzake kama yumo. Msaili kashasikia unavyofikiri, hata ukisahau mabano. Fanya mazoezi kwa sauti chumbani, wakikuona mwehu shauri yao.

BintiMchangani: Mie naogopa zaidi yale maswali ya "tueleze siku uliyopishana na mwenzako kazini". Sisi tumelelewa kusema "tulifanya", wao wanataka kujua wewe ulifanya nini. Amazon ndiyo usiseme, wana kanuni zao 16 za uongozi na maswali hutoka humo. Hizo hoteli zako zinatosha: mfumo ulikwama wageni wamejaa mapokezi, ukafanyaje, ikawaje.

Mpemba_Halisi: Chemshabongo tupu! Ukishaajiriwa huandiki hata moja ya hizo.

Fundi_Ngambo: Kweli yakhe, lakini ndiyo wanayouliza.

Sheha_wa_Data: Kijana, tazama saa. Saa 4 asubuhi ya London, wakati wao wa baridi, kwetu ni saa 7 mchana. Wakikupangia Ijumaa utakuwa msikitini, kwa hiyo waambie mapema. Na umeme unaujua: laptopu ijae chaji, na bando la mtandao wa pili liwe kwenye simu. Atakayekuomba pesa ya "usajili" ni tapeli huyo.

MtambweKijana: Ahsanteni sana. Nimeshaomba wiki nne, na iwe Jumanne. Kaka Fundi, utaweza kunisaili baada ya Isha? Kwa Kiingereza, na usinionee huruma.

Fundi_Ngambo: Nitumie namba faragha. Kamera uiwashe.